Mbwa akivimba uso baada ya kuchanjwa

Mbwa wengi hawapati kitu wakichanjwa. Yule anayepata mzio mkali mara nyingi huanza kubadilika ndani ya nusu saa ya mwanzo, na wakati huo mwenyewe keshamvuta kamba yuko njiani kurudi shamba.

Hatua ya 1: Kabla ya sindano. Aliyekuja mbio juani apumzike kwanza chini ya mwembe, la sivyo hutojua kinachomhemesha ni jua au ni chanjo. Muulize mwenyewe kama mbwa aliwahi kuvimba au kutapika alipochanjwa. Akisema ndiyo, amchanje daktari wa mifugo mwenye adrenalini (dawa ya sindano ya mzio mkali) mkononi. Vaa glovu, maana mate ya mbwa kwetu ni najisi, kisha tazama rangi ya fizi angali mzima. Zikiwa nyeusi kwa asili, vuta kope ya chini utazame ndani.

Hatua ya 2: Mzuie kituoni dakika 30. Kamba ya mdomo ifunguliwe mara tu sindano ikitoka. Akitapika mdomo umefungwa, matapishi huingia mapafuni. Ya shingo ipitishe vidole viwili.

Hatua ya 3: Pambanua dalili. Kunyong'onyea kidogo, kususa chakula na kuumwa palipochomwa huisha kwa siku moja au mbili. Mpe maji na kivuli; usimpe Panadol, ibuprofeni wala diklofenaki, zinaweza kumuua. Kijivimbe palipochomwa kikizidi mwezi, kionwe na daktari.

Midomo na kope zikivimba, au mwili ukitoka mabaka, huo ni mzio: daktari siku hiyohiyo, wala usimwache peke yake.

Linalowapita wengi ni hili: mzio mkali wa mbwa hushambulia ini na matumbo, kwa hiyo unaweza kuanza kwa kutapika na kuharisha ghafla, uso haujavimba hata kidogo. Bonyeza ufizi, uachie. Rangi isiporudi ndani ya sekunde 2, au fizi zikiwa nyeupe na miguu imelegea, hiyo ni dharura ya dakika: daktari aitwe mara moja.

Hatua ya 4: Mlaze ubavu, shingo imenyooka. Usimnyweshe maziwa wala maji ya dafu, atapaliwa. Daktari atampiga adrenalini ya miligramu 1 kwa mililita, mililita 0.01 kwa kila kilo, kwenye msuli wa paja. Mbwa wa kilo 12 ni mililita 0.12, kipimo kisichosomeka kwenye bomba la mililita 5; beba la mililita 1. Dawa ya kawaida ya mzio (antihistamini) peke yake haimwinui aliyeanguka, kwani haipandishi shinikizo la damu. Akizinduka, aangaliwe hadi kesho yake, dalili huweza kurudi.

Hatua ya 5: Andika kwenye kadi jina la chanjo, namba ya toleo na dakika dalili zilipoanza. Waliosimama pale waambieni wazi: virusi vya chanjo ya kichaa cha mbwa vimeshauliwa, haviwezi kumpa kichaa. Mbwa anayetoka mate baada ya sindano anaumwa na anahitaji msaada, asipigwe.