Kupaka Roketi ya Chupa Rangi ya Kupimia Mzunguko

Miraba myeusi na myeupe kwenye roketi si urembo. Roketi nyeupe tupu ikijizungusha hewani, kwenye filamu huonekana kana kwamba imetulia. Ndiyo maana Wajerumani walizipaka V-2 za majaribio, makombora yao ya Vita Kuu ya Pili, miraba, na Saturn V ya Marekani, roketi ya safari za mwezini yenye urefu wa mita 110, ikapakwa vivyo hivyo. Chama cha sayansi cha shule ya Kisumu au Nakuru kinachorusha chupa ya soda ya lita 2 kwa maji na hewa iliyoshindiliwa kinaweza kupima mzunguko kwa njia iyo hiyo, kwa simu tu.

Chupa inayojazwa hewa isiguswe na rangi wala msasa. Thina na viyeyushi vya rangi ya kupuliza hudhoofisha plastiki, na mikwaruzo ya msasa ndiyo mahali pa kwanza kupasuka. Mchoro uwekwe juu, kwenye kipande cha chupa ya pili kinachobeba ncha, kwa kuwa hakina shinikizo. Kuna sababu nyingine: nyeusi hunyonya joto la jua. SA-500F, Saturn V ya kufanyia majaribio ardhini, ilikuwa na rangi nyeusi kati ya matangi mawili ya hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini inayowaka mwanzo. Joto likapanda humo kupita kiasi, na kwenye zilizoruka sehemu hiyo ikapakwa nyeupe. Roketi hizo zilibeba oksijeni ya kimiminika ya nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo nyeupe inayorudisha jua ilikuwa na kazi kubwa. Kwenu, chupa iliyovishwa nyeusi ikingoja zamu kwenye jua la Kisumu hupata moto, plastiki ikalegea na shinikizo likapanda.

Zungushia kipande hicho cha juu ukanda wa karatasi ili upate mzingo. Mara nyingi ni kama sentimita 34, hivyo robo ni 8.5. Kata karatasi ya manila yenye urefu wa mzingo wote, ongeza sentimita 1 ya gundi, kimo kiwe 18. Igawe kwa mikanda mitatu ya sentimita 6, kila mmoja na robo nne. Mkanda wa juu, paka nyeusi robo ya kwanza. Wa kati, ya pili. Wa chini, ya tatu. Ngazi hiyo hukuonyesha roketi inazunguka upande gani. Kosa la kawaida ni kupaka kama ubao wa drafti, robo nyeusi kwa nyeupe kwa zamu. Mchoro huo hujirudia kila nusu mzunguko, na hesabu yako itatoka mara mbili ya ukweli.

Tumia rangi ya mafuta. Ya maji hukunja manila. Pakeni nyeupe mara mbili, nyembamba, ilale usiku kucha, ndipo mbandike tepu ya karatasi na kupaka nyeusi mara moja. Vua tepu rangi ikiwa bado inanata kidogo, la sivyo ukingo utabanduka. Fanyeni asubuhi, kivulini penye hewa: jua kali hukausha juu kabla ya chini, rangi ikajikunja, na Kisumu mvua hupenda kuja alasiri. Nakuru wakati wa kiangazi adui ni vumbi.

Pima uzito kabla na baada, maana rangi ni mzigo. Tangi kubwa la nje la Space Shuttle, chombo cha Marekani cha kubeba wanaanga, lilipakwa nyeupe katika safari mbili za kwanza, 1981, kisha likaachwa na rangi ya machungwa ya povu lake, na kilo zipatazo 272 zikaokolewa.

Ncha ipakwe rangi ya machungwa. Nyeupe hupotea mawinguni, na kijani hutaiona tena ikiangukia mashamba ya miwa ya uwanda wa Kano, karibu na Kisumu.

Siku ya kurusha, simama kama mita 30 kando, jua likiwa mgongoni, urekodi kwa picha 60 kwa sekunde. Hesabu picha tangu ukingo wa robo moja nyeusi upite katikati hadi upite tena. Zikiwa 30, ni nusu sekunde, yaani mizunguko 2 kwa sekunde. Zikipungua chini ya 4, usiiamini hesabu: roketi inaweza hata kuonekana inazunguka kinyume. Rudia kwa picha 120. Ikithibitika inazunguka bila kukusudiwa, kagua mapezi kwa rula. Huwa kuna moja lililogundishwa upande.