Ukilinganisha laptop mbili, usitazame GHz (kasi ya mapigo ya prosesa)

Nimelijua hili juzi nikichagua kati ya laptop mbili za mtumba. Weka 7-Zip ileile, programu ya bure ya kubana mafaili, kwenye zote mbili. Chomeka chaja, funga programu nyingine, fungua Tools kisha Benchmark, acha ukubwa wa kamusi (Dictionary size) uwe sawa kote (mfano 32 MB), halafu iache izunguke dakika kumi. Linganisha Total Rating (alama ya jumla; kubwa ndiyo bora) ya mwisho, si ya mwanzo. Dakika ya kwanza prosesa bado ni ya baridi na hukimbia sana. Ikishapata joto, alama ya laptop yenye feni iliyojaa vumbi hushuka mbele ya macho yako. GHz peke yake hudanganya: prosesa za Intel Core 2 Duo za mwaka 2006 zilizishinda Pentium 4 za 3.8 GHz zikiwa na GHz chache zaidi. Kwenye Linux, kufanya kipimo hichohicho, andika 7z b kwenye terminal.

Kipimo hiki hakifai kwa michezo wala kuhariri video, maana hakigusi kadi ya picha. Diski pia hakiipimi, na diski ya polepole huifanya hata prosesa nzuri ionekane imelala.