Tia mafuta kwanza, ndipo uwashe moto

Kama unatumia kikaango cha nonstiki, usikibandike kitupu kipate moto. Tia kijiko cha mafuta kikiwa bado baridi, kisha washa moto wa wastani. Ule utando mweusi ni PTFE, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Teflon. Kwenye joto la kawaida la kupikia haina neno, ila ikipita nyuzi 260 za Selsiasi huanza kuharibika, na joto likizidi sana hutoa mvuke unaoleta homa na kifua kubana, mtu akadhani ni mafua. Ndege ni dhaifu zaidi: kasuku aliye karibu na jiko anaweza kufa kabisa. Kikaango kitupu kwenye gesi kali hufika joto hilo kwa dakika chache, tena bila dalili yoyote. Mafuta ndiyo kipimo chako, kwa kuwa mengi tunayopikia huanza kutoa moshi kabla ya nyuzi 260. Ukiona moshi, zima, fungua dirisha.

Mbinu hii inagoma mahali pawili. Kwanza chapati, maana zinataka kikaango kikavu kilichopata moto sawasawa. Hapo tumia cha chuma. Pili jiko la mkaa, ambalo halina kitufe cha kupunguzia moto, kwa hiyo mimi nonstiki siiweki huko hata siku moja. Na kama utando umeshaanza kubanduka, mafuta hayasaidii kitu, nunua kingine.