Badilisha sindano tu, katriji iache

Kama una katriji ya MM (kile kichwa cha kusomea santuri kinachoshika sindano, aina ya sumaku inayotikisika) na unaona sauti imefunikwafunikwa hivi, matoazi yanasikika kama yamepigwa chumba cha pili, usikimbilie kununua katriji nzima, chomoa sindano yake uweke nyingine ya modeli hiyohiyo ila yenye kantileva ya boroni badala ya alumini. Kantileva ni kile kijiti chembamba kinachobeba ncha. Boroni ni nyepesi kidogo kuliko alumini lakini ugumu wake ni kama mara 5 hivi au zaidi, kwa hiyo mfereji wa santuri ukiitikisa kwa kasi haijipindi njiani, mtikisiko unafika kwenye sumaku ukiwa mzima, na ule mlio wa kijiti chenyewe unapanda juu zaidi huko masikio hayafiki. Rubi, kile kito chekundu, nayo ni ngumu sana ila nzito, mi binafsi singeilipia ziada kisa rangi.

Haisaidii kama ni MC (aina ambayo koili ndiyo inayotikisika badala ya sumaku), maana nyingi sindano haichomoki. Pia ukiweka boroni yenye ncha ya kawaida ya mviringo utasikia tofauti ndogo tu, ncha nayo ina mchango mkubwa. Na sauti ikizidi ukali angalia kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme) ya waya na ya phono, yaani kikuza sauti cha santuri, kabla hujalaumu sindano. Kingine, alumini ukiigonga inapinda, boroni inakatika paap, kwa hiyo kitambaa cha kufutia vumbi kaa nacho mbali.