Kupanga gati la boti za abiria Kigoma: anza na usawa wa ziwa

1. Usawa wa maji. Kabla ya kuchora, chukua kumbukumbu za miaka mingi kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika. Ziwa hili halijai na kupwa kama bahari. Hupanda na mvua hadi Aprili au Mei, kisha hushuka mpaka Oktoba au Novemba, kwa kawaida chini ya mita moja. Hatari iko kwenye miaka ya mvua inayofuatana: mto unaoyatoa maji ziwani ni mmoja tu, Lukuga, kwa hiyo hulimbikizana. Mwaka 2020 na 2021 yalivamia majengo ya ufukweni. Gati la zege lisilosogea ama litazama, ama litamwacha abiria aruke.

2. Jukwaa linaloelea na daraja lenye bawaba. Mteremko usizidi 1 kwa 12 (kushuka mita 1 kwa kila mita 12 za urefu), ili mwenye baiskeli ya magurudumu matatu au gunia kichwani apite salama. Tofauti ya usawa ikiwa mita 2.5, daraja litahitaji mita 30, na hiyo ni gharama kubwa. Kwa kuwa ziwa hubadilika polepole, weka kikalio (sehemu linapokalia daraja) cha upande wa nchi kavu kinachopandishwa na kushushwa kwa boliti. Hapo daraja likihudumia tofauti ya mita moja tu, mita 12 zinatosha. Usikifunge kikalio katikati ya usawa wa juu na wa chini: maji yakijaa, kitafunikwa.

3. Nanga. Pima kina kila mita 5 kutoka ufukweni. Sehemu nyingi chini huporomoka ghafla, na nanga iliyotupwa kwenye mteremko huburutwa kuelekea kilindini. Kaza jukwaa kwa nguzo za chuma zinazoliegemeza nchi kavu, minyororo iwe msaada. Kumbuka upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi, Mei hadi Septemba.

4. Idadi ya maegesho. Hesabu abiria siku za kazi na siku ya soko, kisha tumia robo saa yenye msongamano kuliko zote. Tuseme watu 240, boti za watu 60: boti nne. Kushusha na kupakia watu wenye mizigo huchukua dakika 5 au 6, hivyo egesho moja halitoshi. Jenga mawili, na la tatu kwa boti iliyoharibika.

5. Dagaa wawe na njia yao. Kibirizi, panapoegesha boti za abiria Kigoma, ni mwalo wa samaki pia. Makasha na abiria wakigombania daraja moja, hesabu yote ya hatua ya 4 huvurugika.

6. Vibali. Peleka mchoro NEMC (baraza la taifa la mazingira) na TASAC (shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini) mapema. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ufukwe, hivyo banda la kusubiria na kituo cha bajaji vipange nyuma yake.