Darasa la 12 si la kupumzika
Wazazi wenye mtoto anayeingia darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Marekani, itazameni ratiba yake kabla shule haijafunguliwa. Wengi wakishatimiza masharti ya kuhitimu huacha hisabati na kujaza vipindi vyepesi. Lakini kuhitimu ni jambo moja, kupokelewa chuoni ni jingine. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, hudai miaka 3 ya hisabati ila hupendekeza 4. Kwa lugha ya kigeni hudai miaka 2, hupendekeza 3. Tena vyuo vingi huomba alama za muhula wa kwanza wa darasa la 12, na hata aliyekwisha kupokelewa anaweza kufutiwa nafasi alama zake zikiporomoka. Msimrundikie masomo magumu matano lakini. Bado ana insha za maombi za kuandika, na usiku ni ule ule.