VJ, mwachie okestra nafasi yake

Ninatafsiri filamu kwa Kiswahili hapa Malaba, upande wa Uganda, kwenye kibanda cha kuonyeshea filamu kilicho nyuma ya maegesho ya malori. Wateja wangu ni madereva na matingo wanaosubiri karatasi za forodha: Mkenya wa Mombasa, Mtanzania, Mkongo, Mnyarwanda. Kiluganda cha ma-VJ wa Kampala, yaani watafsiri wanaosimulia filamu kwa maiki, hakiwafikii, ndiyo maana nikapata kazi. Vijana wanaotaka kushika maiki hunijia wakiuliza namna ya kuchekesha watu. Hilo watajifunza wenyewe kwa kuzomewa. Ninachotaka kuwaonyesha ni namna ya kutafsiri filamu yenye muziki wa okestra, lile kundi kubwa la wapiga ala, bila kuufunika, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu kazi.

Sisemi VJ anyamaze siku nzima. Kwenye *Who Killed Captain Alex?*, ile ya Wakaliga ya mwaka 2010, VJ Emmie anabwabwaja mwanzo mpaka mwisho na ukimtoa utamu umekwisha. Ila filamu nyingine mtunzi wa muziki alikwishakaa na mwongozaji, wakapima kila sekunde, wakaamua hapa vayolini iingie, hapa pawe kimya. Huyo naye ni msimulizi, tena alifika kazini kabla yako.

Anza kwa kuisikiliza filamu bila picha. Funika skrini ya laptopu kwa kitambaa, vaa hedifoni, iache ikimbie. Ukiona picha, macho yatakula kila kitu na masikio yatabaki na njaa. Kaa na daftari: andika dakika, andika ala unazosikia, andika neno moja la hali, kama "msiba", "hila", "ushindi", "anakuja". Usijali majina ya kitaalamu. Nyuzi zinazosuguliwa kwa upinde ni ukoo wa vayolini, kuanzia ile ndogo ya sauti nyembamba hadi besi kubwa inayosimamishwa sakafuni. Kama umewahi kusikia endingidi, ile ala ya uzi mmoja, kwenye harusi ya Waganda, msuguano ule unaujua tayari. Za shaba ni tarumbeta, tromboni na honi, zile za bendi ya polisi kwenye gwaride la tarehe 9 Oktoba, siku ya uhuru wa Uganda. Kuna za kupuliza zenye sauti laini: filimbi, klarineti, obo. Halafu ngoma. Ukiweza kutenganisha hayo makundi manne umeshapita ma-VJ wengi.

Kisha jiulize: muziki huu umetungwa kwa ajili ya filamu hii, au ni wa zamani ulioazimwa? Swali hilo lina faida kubwa kazini. Muziki uliotungwa kwa filamu unajua mahali maneno yalipo na unajipunguza wenyewe mhusika anapofungua mdomo, kwa hiyo na wewe unapata nafasi. Ule ulioazimwa hauna adabu hiyo. Ulitungwa uwe mzima, una mwanzo wake na kilele chake, na mwongozaji mara nyingi amepanga picha ziufuate. Ukiingilia katikati umekata sentensi ya mtu mwingine.

Utaujuaje? Usizime filamu majina yanapoanza kupanda. Sisi wa vibandani tuna haraka ya kuweka inayofuata, lakini karibu na mwisho kabisa, baada ya waigizaji na madereva na wapishi, huandikwa kazi za muziki zilizotumika, jina la mtunzi na mara nyingi okestra iliyopiga. Simamisha picha, nakili. Ukipata bando, tafuta kazi hiyo YouTube uisikilize nzima, si ile dakika moja ya kwenye filamu tu.

Sasa tuchukue mfano ambao kila kibanda kinaujua, *Die Hard* ya mwaka 1988. Hans Gruber na wezi wake wamelivamia jengo refu, wanataka sefu. Makufuli wanayatoboa moja moja, linabaki la mwisho, la sumaku ya umeme, ambalo halitobolewi. Wanasubiri. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, wanafika na, kwa kufuata kitabu chao, wanaamuru umeme wa jengo ukatwe. Kufuli linaachia. Sefu inafunguka, mwanga unatoka, na okestra inalipuka na wimbo wa furaha kutoka Simfoni ya 9 ya Beethoven, ile iliyosikika mara ya kwanza Vienna mwezi Mei 1824. Michael Kamen, aliyetengeneza muziki wa filamu hiyo, alikuwa ameudokoa wimbo huo vipande vipande kabla ya hapo, kama mtu anayenusa chakula jikoni. Pale kwenye sefu ndipo sahani inapowekwa mezani. Maneno ya asili ya wimbo ni shairi la Schiller kuhusu binadamu wote kuwa ndugu. Wezi ndio wanaopewa wimbo wa undugu! Huo ni mzaha wa mwongozaji, na ni mkali kuliko wowote utakaoutunga wewe.

Mimi hapo nasema kabla, wakati mafundi bado wanahangaika na swichi: "Wezi walikuwa wanaingoja serikali iwakatie umeme. Imewakatia." Basi. Watu wa Malaba hawahitaji kuelezwa habari za umeme kukatika, wanacheka wenyewe. Naweka maiki mezani na kupandisha sauti ya filamu. Sirudi mpaka Hans ameingia ndani ya sefu. Wengi ukumbini wanaufahamu wimbo huo kwa sababu makanisa yameuimba miaka mingi. Utasikia dereva mmoja au wawili wanaufuata kwa mdomo uliofumba. Hakuna tafsiri inayoshinda hiyo.

*Platoon* ya 1986, filamu ya vita vya Vietnam, ni jambo jingine. Mle mwongozaji Oliver Stone alitumia Adagio ya nyuzi ya Samuel Barber, Mmarekani. Toscanini, kiongozi wa okestra, ndiye aliyeiongoza kwa mara ya kwanza redioni New York mwaka 1938. Ni nyuzi peke yake, zinapanda polepole, zinapanda tena, kisha kimya, kisha zinashuka. Wakati Sajini Elias anakimbizwa chini na wenzake wanamtazama kutoka kwenye helikopta, hakuna cha kutafsiri. Hata kusema "maskini" ni kelele. Nina wateja waliopitia vita kwelikweli, na hao ndio wa kwanza kuniambia, "VJ, acha." Ukishaona mikono ya Elias imekwenda juu, subiri muziki uishe wenyewe ndipo useme neno.

Kuna kazi nyingine muziki unaifanya, nayo ni kumtambulisha mtu. Wagner, mtunzi Mjerumani, alilishughulikia sana jambo hili kwenye opera zake karne ya 19: kila mhusika, upanga au laana ipewe kipande chake cha wimbo, kikisikika ujue mwenyewe yupo au anawaziwa. Hollywood ikalichukua. Sikiliza *Jaws*, mwaka 1975. John Williams alimpa papa noti mbili tu, zinapokezana chini kabisa, zikianza taratibu kisha zikikimbia. Papa wa bandia alikuwa anaharibika baharini kila mara wakati wa kupiga picha, kwa hiyo mwongozaji, Spielberg, ikabidi amwonyeshe kidogo, na muziki ukawa ndiye papa.

Lakini kuna tukio moja linalomuumbua VJ asiyesikiliza. Pezi linatokea majini, watu wanapiga kelele, wanakanyagana kutoka baharini. VJ mgeni naye anapayuka: "Papa huyo! Papa huyo!" Kumbe ni watoto wawili wenye pezi la kadibodi. Na noti zile mbili hazikupigwa hata mara moja. Muziki ulikwishakuambia hakuna papa, ukabaki kimya kabisa. Papa wa kweli anapokuja baada ya hapo, noti zinarudi. Kwenye daftari lako, kwa hiyo, uandike pia mahali muziki *haupo*. Mimi naweka alama ya duara tupu. Duara tupu ukutanapo nalo, usiape chochote mbele ya wateja.

Vivyo hivyo kwa Darth Vader, yule mbaya wa *Star Wars*. Maandamano yake ya shaba na ngoma yaliingia *The Empire Strikes Back*, mwaka 1980, na hata tingo aliyelala anaamka akiyasikia. Filamu inayofuata, ya 1983, Vader anapokufa, wimbo ni uleule lakini umevuliwa silaha: nyuzi, za kupuliza, mwisho kinubi kinadondosha noti chache. Ukiongea hapo mteja hatasikia kwamba ni wimbo uleule, na atakosa habari kwamba yule muuaji amerudi kuwa baba.

*Black Panther* ya 2018 wateja wangu wanaidai kila mwezi. Ludwig Göransson, Msweden, alikwenda Senegal akazunguka na Baaba Maal kabla ya kuandika. T'Challa, shujaa wa filamu, akapewa ngoma ya tama, ile ya kubanwa kwapani inayopanda na kushuka kama mtu anayezungumza, na okestra nyuma yake. Killmonger, adui yake, akapewa filimbi ya Wafulani. Muziki huo ulipata Oscar. Sikiliza filimbi hiyo inapochomoza kabla Killmonger hajaonekana. Ukimtaja mapema umeiba kazi ya filimbi.

Sasa mitambo, maana nia njema bila miksa haifiki mbali.

Ukiwa unarekodi tafsiri kabla, tafuta faili la filamu lenye sauti ya chaneli sita, si mbili. Kwenye mpangilio huo maneno ya waigizaji hukaa zaidi chaneli ya katikati, wakati muziki umetandazwa kushoto, kulia na nyuma. Lifungue kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti (lazima uwe umeiwekea FFmpeg, programu ya kusoma mafaili ya video, bila hiyo haitafungua), utaona mistari sita. Kwa kawaida wa tatu ndio wa katikati. Huo ndio unaoupunguza pale unapoongea, mingine iache. Usiuzime kabisa, kwa sababu baadhi ya milio na sehemu ya muziki imo humo na filamu itasikika kama imetobolewa. Sauti yako iweke kwenye mstari wa saba. Audacity pia ina kitu kinaitwa Auto Duck: kinashusha sauti ya filamu chenyewe kila unapofungua mdomo na kuirudisha ukinyamaza. Kitumie, ila kipe muda wa kurudisha sauti polepole; kikiwa na pupa, vayolini zitakuwa zinaruka kama gari kwenye matuta. Mimi nashusha desibeli 10 au 12, zaidi ya hapo okestra imekufa.

Ukiwa unatafsiri papo hapo, mkono mmoja usitoke kwenye kitufe cha sauti ya filamu. Ma-VJ wengi wanashusha mara moja mwanzo na kusahau. Wewe shusha, sema, pandisha. Sema sentensi fupi. Sentensi ndefu ndiyo adui mkubwa wa muziki kuliko hata jenereta, ingawa jenereta nayo isogeze mbali na ukuta wa nyuma, mngurumo wake unakula besi zote na noti za papa wako hazitasikika.

Kuhusu haki miliki sitasema mengi. Uganda ina sheria yake ya mwaka 2006, na kuonyesha au kutafsiri filamu ya mtu kunahitaji ruhusa. Muulize mwenye kibanda kabla hujakubali kazi.

Ukipata nafasi ya kwenda Kampala, kuna Kampala Symphony Orchestra. Ulizia wanapiga lini, kaa karibu uone pinde zikienda pamoja na wapiga shaba wakihesabu kimya chao kwa muda mrefu kabla ya kupuliza noti tatu. Kama hufiki Kampala, kwaya ya kanisa inayojua "Haleluya" ya Handel inatosha kukufundisha kilele ni nini. Nenda mazoezini, si ibadani tu. Mazoezini wanarudia, na wewe unasikia kila sauti peke yake.

Filamu ukishaiandaa, ijaribu kwa mtu mmoja kabla ya ukumbi. Mimi namwita tingo yeyote asiyeijua, namnunulia rolex, ile chapati ya kukunjwa na mayai, namwonyesha matukio matatu mazito bila neno langu hata moja, filamu ikiwa kwa lugha asiyoielewa. Kisha namuuliza: nani mbaya, nani anaogopa, nini kinakuja? Anayoyapata mwenyewe nayafuta kwenye maelezo yangu. Asiyoyapata, kama majina, deni la fedha, au nani ni shemeji wa nani, hayo ndiyo ninayoyasema kwenye maiki.